Jina la mutoto: Bahati ao Iragi?

Papa Justin, 18:42
Jambo yenu bote. Mama na mutoto bako bazima, kilo 3 na grama 200. Tunataka kumuita Bahati.

Dada Furaha
Aksanti Mungu!! 🙏🙏

Yaya Déo
Pongezi mudogo wangu. Lakini Bahati si shansi tu, sawa mutu anacheza loto? Mutoto anatoka kwa Mungu.

Tante Espérance
Déo, ngoja. Shansi ni ya Kifaransa, mizizi yake ni neno la Kilatini la «kuanguka», vile dadu inaangukaka. Bahati ilipita njia ingine. Ilitufikia kwa Kiarabu, nao Waarabu waliitoa kwa Waajemi: bakht. Mwanzo wake ni fungu, kile mutu anagawiwa. Sisi kh tunaifanya h, vile khabar ilikuwa habari, na katikati tunaweka a juu ulimi upite.

Dada Furaha
Fungu sawa la sambaza, tule tusamaki?

Tante Espérance
Lile lile! Ku soko ya Kadutu, Bukavu, mama anapanga sambaza mafungu mafungu ku bashi (turubai). Mukono wake njo unagawa, wewe unapokea. Kismati nayo ni vile: kwa Kiarabu qisma ni kugawa. Lugha mbili, wazo moja. Inanigusaka sana.

Christian
Tante, na akiongeza tusamaki tubili juu? Matabishi, ile nyongeza, ni ndugu ya bakshishi?

Tante Espérance
Hapana, zinafanana kwa masikio tu. Bakshishi njo ndugu ya bahati, damu moja: bakhshidan kwa Kiajemi ni kutoa, kupa mutu. Matabishi ni ya Wareno, mata-bicho, «kuua mududu», kale kapombe ka asubui ka kuua mududu wa tumbo.

Christian
😮

Papa Justin
Yaya Déo, unajua tulipoteza babili mbele yake. Leo nilimubeba, akafunga kidole changu na mukono wote, hakuachia. Nilisema: huyu njo fungu letu.

Yaya Déo
Nimesikia, mudogo. Unisamee. Bahati.

Dada Furaha
Tate, muzee wetu, iko hapa pembeni yangu, anasema niandike: kwa Mashi, luga ya kwetu, bahati ni Iragi. Anaomba mutoto abebe na jina la kwetu.

Papa Justin
Tate, ndiyo. Bahati Iragi. Kesho naenda ku komini kumuandikisha.

Tante Espérance
Usisahau karatasi ya kuzaliwa. Na ufike mbele ya saa mbili, mustari unakuwaka murefu.