Mtoto ana saratani ya damu na anameza 6-MP nyumbani. Nimpumzishe dawa au niendelee?

MamaB_Korogwe:
Wapendwa, habari za jioni. Mwanangu wa kiume, miaka 6, ana saratani ya damu aina ya ALL. Dripu za wodini alimaliza, sasa tuko nyumbani na vidonge: merkaptopurini (6-MP) kila usiku, metotreksati mara moja kwa wiki, na Septrin siku alizopangiwa. Tumeambiwa hatua hii inakwenda zaidi ya miaka miwili.

Siku hizi ana vidonda mdomoni, chakula anakitazama tu, asubuhi kichefuchefu. Mama mkwe anasema dawa zinammaliza damu, nimpumzishe kwanza arudishe nguvu, halafu nimpe FEFO (vidonge vya kuongeza damu) za mdogo wangu alizopewa kliniki ya wajawazito. Huyo mdogo wangu ndiye anayenisaidia kukata vidonge nikiwa kazini. Kliniki yetu ni Dar na tarehe bado. Nifanyeje?

BabaWawili_Moro:
Pole sana dada, mwanangu alipita njia hiyo hiyo na alimaliza dawa. Usimwachishe mwenyewe, hata siku moja. Mtoto anaonekana mzima, anacheza, lakini chembe za ugonjwa zinaweza kuwa zimejificha, na hizo ndizo 6-MP inazozifuata. Watafiti Marekani walifuatilia watoto wa ALL wakaona wanaokosa zaidi ya asilimia 5 ya dozi ugonjwa huwarudia zaidi kuliko wenzao.

Kupumzisha kupo, ila anayeamua ni daktari akishaona FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu). Chembe nyeupe kushuka kiasi ni jambo wanalolitarajia. Zikishuka mno wanasimamisha kidogo au wanapunguza. Usingoje tarehe. Piga simu wodini kesho asubuhi, eleza vidonda, uliza kama FBP unaweza kupima hospitali ya wilaya ukawatumia majibu.

Mfamasia_Kanda:
Naunga mkono, na naongeza la kwangu kwa sababu hapo kwenye maelezo yako nimeshtuka mara mbili.

La kwanza, FEFO acha. Ndani yake kuna asidi ya foliki, na metotreksati inafanya kazi kwa kuzuia foliki. Ukimpa bila daktari kujua unaweza kuipunguza dawa nguvu. Upungufu wa damu alionao hautokani na kukosa madini ya chuma. Dawa inabana uboho, pale damu inapotengenezwa. 6-MP inafanana na kijenzi cha vinasaba, kwa hiyo seli inayogawanyika haraka inaimeza na kukwama. Seli za saratani zinagawanyika haraka, lakini za uboho na za utando wa mdomo pia.

La pili, mdogo wako mjamzito asikate wala kusaga vidonge hivyo. Vumbi lake ni hatari kwa mimba, hasa la metotreksati. Akate mtu mwingine, avae glavu, atumie kikatia vidonge cha peke yake, si kisu na kibao cha jikoni. Matapishi na mkojo wa mtoto navyo vishikwe kwa glavu.

Halafu angalia pakiti zako. Mara nyingi vidonge vyote viwili ni vya njano na vidogo. Metotreksati ya wiki ikitolewa kila siku kwa kuchanganya, inaua. Chagua siku moja, tuseme Ijumaa, iandike kwa kalamu nene juu ya bahasha, na baada ya kumpa weka alama kwenye kalenda ya ukutani ili mwingine asirudie. Akikosa dozi usimpe mbili kesho yake. Akitapika, uliza kabla ya kurudia.

Na mkienda hospitali nyingine kwa jambo lolote, taja 6-MP. Alopurinoli, dawa ya gauti, inazuia mwili kuivunja, dozi ya kawaida inageuka sumu.

Tiba_Asili_TZ:
Dada, mpe juisi ya mlonge na rozela, damu inapanda ndani ya wiki.

NesiMstaafu_Tanga:
Ndugu yangu, nia yako njema, lakini 6-MP na metotreksati zote zinapita kwenye ini. Dawa ya majani isiyojulikana kipimo ikiongezeka hapo, macho yakigeuka manjano daktari hatajua alaumu nini. Mama B, asipewe chochote ambacho wodi haijui.

Vidonda: asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo kila baada ya kula, mswaki laini, uji uliopoa, ndizi ya kuponda. Pilipili na ndimu weka mbali.

Nunua kipimajoto, kipime kwapani, kisiingizwe njia ya haja kubwa. Homa ikifika 38, hata saa nane usiku, ni hospitali. Usimpe panadol ukasubiri kupambazuke. Itashusha joto na maambukizi yataendelea ndani. Ukifika mapokezi sema "mtoto wa saratani ya damu, yuko kwenye dawa, ana homa" ili asikae foleni. Brufen, diklofenaki na aspirini usimpe, wala chanjo yoyote kabla hujauliza wodi yake.

MamaB_Korogwe:
Mungu awabariki. Nimepiga simu, wamesema akapime FBP kesho hapa wilayani na 6-MP ya leo usiku nimpe kama kawaida. Mdogo wangu nimemwondoa kwenye vidonge. Swali moja: mtoto wa jirani anayecheza naye kaanza kutokwa na tetekuwanga jana.

NesiMstaafu_Tanga:
Wapigie tena sasa hivi, usingoje majibu ya FBP. Hata kama hana kipele hata kimoja. Kuna dawa ya kumkinga lakini ina siku zake, zikipita haisaidii tena. Waambie lini walicheza pamoja mara ya mwisho na kama walikaa chumba kimoja.