Kikohozi hakiishi, dawa za TB mwezi wa tatu. Kansa ya mapafu hujulikanaje?

Bint Langoni: Asalaam aleikum. Ami yangu hapa Lamu, miaka 61, anakohoa tangu kusi ilipoingia. Kwanza tulidhani ni vumbi la mbao maana ni fundi wa majahazi, akapigwa eksirei kikaonekana kivuli pafu la kushoto juu, akaanzishwa dawa za TB japo makohozi yalipopimwa na GeneXpert, ile mashine ya kutafuta vijidudu vya TB, hayakuonyesha kitu. Sasa mwezi wa tatu, dawa hakosi hata siku moja na bado anakonda, juzi katema damu na sauti imekauka kabisa. Jirani asema ni kansa, mwengine asema haiwezi, hajavuta sigara maishani mwake. Tutajuaje kwa hakika? Usingizi sipati.

Nesi wa Malindi: Waaleikum salaam dadangu, pole sana. TB na kansa ya mapafu zafanana sana, kikohozi, damu, kukonda, homa, hata kwenye eksirei mtu huweza kudanganyika, na kwa vile TB ni nyingi kwetu madokta huanza nayo. Ila makohozi hayana kitu, dawa miezi mitatu hakuna nafuu, na hiyo sauti! Neva ya sauti upande wa kushoto hushuka mpaka kifuani ndipo irudi kooni, uvimbe ukiibana sauti hupotea. Msingoje dozi iishe, mrudisheni wiki hii, na dawa asiache mwenyewe mpaka dokta aseme. Ombeni siti skani. Hiyo nayo itaonyesha uvimbe uko wapi na umefika wapi lakini haisemi ni kansa, kinachosema ni kinyama kilichotolewa na kupimwa maabara. Hutolewa kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa puani au mdomoni, au kwa sindano kupitia mbavuni.

Mwana wa Shela: Mamangu hakuwahi kushika sigara, kapikia kuni za mikoko miaka na miaka, na ilikuwa kansa. Kwa hiyo hilo la sigara lisiwapoteze. Alitibiwa TB miezi sita mizima, wallahi hiyo miezi bado inaniuma. Kitu nilichojifunza, usikubali kuambiwa "kansa ya mapafu" tu, uliza ni aina gani. Iko ya seli ndogo, kama 15 katika 100, hiyo hukimbia sana na mara nyingi ni ya wavutaji. Zilobaki ni za seli zisizo ndogo, na ndani yake muna adenokasinoma, ndiyo ya mamangu, ndiyo huwapata zaidi wasiovuta. Hiyo waambieni wapime na mabadiliko ya jeni iitwayo EGFR kwa kinyama kile kile, yakionekana kuna vidonge vyake. Halafu ulizeni steji, yaani imeenea kiasi gani, 1 mpaka 4.

Bint Langoni: Shukran, Allah awalipe. Siti skani yatubidi Mombasa, kesho alfajiri twavuka Mokowe tupande basi. Ile eksirei ya kwanza niibebe?

Nesi wa Malindi: Ibebe, na majibu yote ya makohozi. Na SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, iangalieni leo kama iko sawa.