Funguo imegoma kuzunguka, nitoe silinda mwenyewe?

Mama Nuru:
Hamjambo ndugu zangu. Funguo ya gari inaingia vizuri ila haizunguki hata kidogo. Nimeenda kwa wakala wanichongee nyingine kwa VIN (namba ya chesi ya gari), wakasema mpaka kadi ya usajili yenye jina langu, na kadi bado iko ofisi ya usajili, mimi nina risiti tu. Kuna mtu risiti ilimsaidia? La sivyo hiyo silinda, pale funguo inapochomekwa, naweza kuitoa hapa nyumbani?

Deo:
Pole dada. Angalia gia iko P (ya kuegesha). Yangu iligoma hivyohivyo nikapuliza WD-40, ile dawa ya kulainisha, ikakubali. Na uangalie kama gari iliitwa na kiwanda irudi kurekebishwa, GM (General Motors) 2014 waliita mamilioni kwa ajili ya hizo ignisheni.

Fundi J:
Deo, soma swali basi. Gia P ni pale funguo inapokataa kutoka. Na ile ya GM ilikuwa swichi ya umeme, dada anaongelea silinda, pale funguo inapochomekwa.
Mama Nuru, kwanza jaribu usukani. Tairi likiegemea ukingo, kile kichuma kinachofunga stelingi kinabanwa. Sukuma usukani upande unaokipunguzia hicho kichuma mzigo, ushikilie hapo huku unazungusha funguo polepole, usilazimishe itakatikia ndani. Ikishindikana, gonga uso wa silinda kidogokidogo kwa mpini wa bisibisi, vile vibati vya ndani huwa vinanata.

Bi Rehema:
Msimpe moyo nusunusu. Silinda nyingi hazitoki mpaka funguo ifike ACC (hatua ya kwanza, redio inawaka injini bado), ndiyo unabonyeza kipini kwa waya mwembamba kwenye tundu la pembeni halafu unavuta. Isipozunguka unabaki na drili. Halafu eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) iko palepale, toa waya hasi wa betri usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Na ukiweka silinda mpya usitupe funguo ya zamani, kama ina chipu inayotambuliwa na gari, bila hiyo stelingi itafunguka na injini haitawaka.

Deo:
Ndiyo maana napakumbuka nyumbani jamani, fundi anakuja na kiboksi chake hakuulizi karatasi. Huku mimi faili langu lilipotea ofisini nikaambiwa nianze upya.

Fundi J:
Asipouliza karatasi na mwizi naye atachongewa. Tusichanganye mambo.

Mama Nuru:
Asanteni. Nimesukuma usukani imezunguka mara moja, nikazima, imegoma tena. Na risiti je?

Bi Rehema:
Ungeiacha hapo hapo mwanangu! Ikikubali tena usirudishe. Iache ACC, betri ukaichomoe, fungua skrubu za kava la chini la stelingi utafute hicho kitundu. Na usichongeshe kopi kwa hiyo funguo iliyolika, kopi itatoka na ulegevu uleule.

Deo:
Halafu hizo ofisi ukipiga simu hawapokei kabisa.