Naomba ushauri: Warcraft III, Blademaster ananimaliza mapema

Wakuu, habari za saa hizi. Nacheza Warcraft III (gemu la vita la kompyuta) upande wa Human, yaani binadamu, shujaa wa kwanza Archmage. Nikipangiwa na mchezaji wa upande wa Orc tu, shughuli. Shujaa wao Blademaster anajificha kwa Wind Walk (uwezo wa kutoonekana), nashtukia peasant (mfanyakazi wangu) anaanguka pembeni ya mgodi, mara Archmage mwenyewe kabaki na damu kiduchu anatimua mbio.

Nikishapandisha Town Hall (jengo langu kuu) kuwa Keep (ngazi ya pili), nimlete shujaa wa pili, Mountain King, nimgandishe Blademaster kwa pigo lake la Storm Bolt, au nifungue mgodi wa pili kwanza? Jeshi kubwa siliwezi, maana chakula kinachotumiwa na watu wangu kikipita 50 dhahabu inashuka kutoka 10 hadi 7 kila safari ya peasant mgodini. Na minara karibu na mgodi inasaidia kweli, au napoteza mbao bure?

Wazoefu nisaidieni, ila msiniambie nihamie upande wa Undead.