Naomba ushauri: Sherehe ya Uhuru na kumbukumbu ya Majimaji hapa Songea

Ndugu wanajamii, kamati ya mtaa wetu inaandaa sherehe ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba, na vijana wanataka historia ya Majimaji iwemo, kwa kuwa ni hapa Songea ambapo Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906. Wazee wanasita, wakisema maombolezo yana siku yake ya Februari na hayachanganywi na pilau na muziki. Binafsi naona wana hoja. Isitoshe, Desemba ni msimu wa mvua na wengi wako shambani wakipanda mahindi. Je, tuwaombe wazee wasimulie asubuhi, kabla ya ngoma ya lizombe, au simulizi hizo tuziache hadi Februari? Walioandaa shughuli kama hii, naomba mnishauri.