Rangi moja inaonekana mbili kwenye jedwali: naomba ushauri

Mleta uzi:
Wanajukwaa, habari za kazi. Kila mwezi ninaandaa jedwali la dawa zilizobaki katika vituo vyetu 14, na kila kisanduku hukipaka samawati kulingana na akiba: nyingi rangi nzito, kidogo rangi hafifu. Juzi kikaoni mkuu wangu aliuliza kwa nini vituo viwili vyenye makasha 60 kila kimoja vina rangi tofauti. Nilifungua faili mbele yake na msimbo wa rangi ulikuwa mmoja, lakini hata mimi nilikuwa naona kimoja kimepauka. Je, ni projekta?

Mjibu wa kwanza:
Projekta haina kosa, ndugu yangu. Jicho halipimi rangi peke yake, bali huilinganisha na majirani zake, hivyo kisanduku kilichozungukwa na samawati nzito huonekana kimepauka, na kilichozungukwa na hafifu huonekana kimekolea. Toboa matundu mawili kwenye karatasi nyeupe, uiweke juu ya skrini ili uone visanduku hivyo viwili tu. Mkemia Mfaransa Chevreul alikutana na jambo hilihili katika kiwanda cha Gobelins cha kufuma mazulia ya ukutani, Paris, wafumaji walipolalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Aligundua kuwa rangi ilikuwa nzima, ila nyuzi zilizopakana nayo ndizo zilizoibadili machoni. Alichapisha kitabu kuhusu hilo mwaka 1839.

Mjibu wa pili:
Punguza ngazi za rangi zibaki nne, zilizoachana waziwazi, kwa sababu rangi zinapokaribiana mno jirani ndiye anayeamua. Weka mstari mweupe kati ya visanduku na uondoe milia ya kijivu ya safu, kama ipo.

Mjibu wa tatu:
Mstari mweupe husaidia kidogo tu. Andika idadi ndani ya kila kisanduku, tarakimu nyeupe juu ya samawati nzito na nyeusi juu ya hafifu. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, unataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida.

Mleta uzi:
Ahsanteni. Nimetoboa karatasi na kweli vimefanana. Nimeamua kuandika tarakimu kwenye visanduku vyote, na rangi nimeibakiza kwa vituo vinavyokaribia kuishiwa tu. Mwezi huu ni vitatu.