Mama ni mkulima wa korosho Newala, atapata kweli viza ya kwenda kumuona dada Ujerumani?

Kitangari Boy
Habarini wakuu. Mimi nipo Mtwara mjini, mama yetu yuko kijijini Newala, ana miaka 62. Dada yangu yuko Ujerumani mwaka wa sita huu, muuguzi, kajifungua juzi juzi mtoto wa pili na anataka mama aende akakae nae walau miezi miwili, maana mjukuu wa kwanza kamuona kwenye simu tu, tena mama akipigiwa video anaweka simu sikioni tunabaki kuangalia hereni. Pasipoti tumeshapata, ile 150,000 nilitoa mimi. Sasa kinachonipa presha, mama hajaajiriwa popote, nyumba ya kijijini haina hati, hela yake ni korosho tu, inaingia mwezi wa 11 ikifika wa 4 imeisha. Kuna jamaa hapa mjini anasema "anatengeneza" viza kwa laki nane, kaniambia nitafute milioni 10 niziweke kwenye akaunti ya mama wiki mbili kabla, halafu yeye atatoa barua ya ajira kwamba mama ni meneja wa kampuni. Meneja jamani! Mama hata lifti hajawahi kupanda. Nimlipe au niachane nae? Nani ameshapeleka mzazi kutoka huku kwetu kusini?

Pwani ya Lindi
Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, kachimbwa hapa Lindi 1909 mpaka 1913 kaenda Berlin vipande vipande bila stetimenti ya benki wala bima na mpaka leo hajarudi, halafu mama yako wa Newala ndo anaulizwa atarudi lini 😂😂
Tuache utani, huyo jamaa ni kishoka. Kimbia.

Mwana Ndanda
Mkuu usithubutu hiyo ya umeneja. Karatasi feki ikijulikana hapo hata ya kweli iliyobaki hawaiamini tena. Mama yangu alienda akakaa siku 70 akarudi, na yeye ni mkulima kama wako, tena mikorosho yake michache kuliko hiyo ya Newala.

Unachokosea ni kuona korosho kama aibu ya kuficha. Korosho ndo ajira ya mama. Wewe fikiria, anauza kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mzigo unapimwa, anapewa stakabadhi, unaenda ghala kuu, unauzwa mnadani, na malipo yanaingia benki kwenye jina lake. Wafanyabiashara wangapi hapo mjini wana mlolongo wa karatasi kama huo? Wengi hela yao iko kwenye droo. Sisi tulienda AMCOS wakatuandikia barua kwamba ni mwanachama tangu mwaka fulani na kilo alizouza misimu mitatu, tukaambatanisha stakabadhi zenyewe, na stetimenti ya mwaka mzima ya akaunti ileile zinapoingilia. Ule msimu wa 2024 bei ilivuka elfu nne kwa kilo, kwahiyo hata hela yenyewe ilionekana. Mtendaji wa kijiji akaandika barua ya makazi na shamba.

Halafu muda. Mama aende mwezi wa 2 arudi wa 4 au wa 5. Hela ya mnada itakuwa imeshaingia, na kwenye barua yake ya maombi aandike wazi kwamba mwezi wa 6 lazima awe shambani kwa ajili ya kupulizia salfa, asipopulizia ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua na msimu umekwenda. Hiyo ndo sababu ya kurudi, na haijatungwa na mtu.

Salfa Kavu
Naunga mkono, na mimi ndo mfano wa aliyefanya ujinga. Nilimuombea mjomba nchi moja ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja), siitaji jina, nikamuwekea milioni 12 siku kumi kabla, akaunti ambayo mwaka mzima ilikuwa na elfu thelathini. Wakamnyima. Unapewa fomu ina visanduku, wametiki cha kwamba wana mashaka kama mtu atarudi kwao. Hela ya maombi hairudi. Mwaka uliofuata tukaomba tena, tukaweka ukweli wote na pale wanapouliza kama ulishawahi kunyimwa tukaandika ndiyo (wanaona tu kwenye mfumo, usidanganye), akapata. Alama za vidole hakutoa upya, zinatunzwa miezi 59.

Nanyamba Moja
Samahani ila mzungu atajua AMCOS ni nini? Mi naona mnampa moyo tu kijana wa watu.

Mwana Ndanda
Ndo maana unaandika barua ya kueleza, ndugu. Ukurasa mmoja: ushirika ni hivi, mnada unakuwa mwezi wa 10 mpaka wa 12 au 1, ndio maana hela inaingia kwa mkupuo halafu inapungua polepole. Asipoelezwa ataiona ile milioni sita ya Novemba kama hela ya kuazima, kama ya mjomba wa Salfa Kavu. Na za Kiswahili zote zitafsiriwe Kiingereza au Kijerumani.

Binti Mikindani
Mimi niko hukuhuku Ujerumani na nimeshawaita mama na shangazi, ngoja niseme upande wa dada yako maana naona mnamsahau. Kazi kubwa ni yake. Aende ofisi ya wageni ya mji anaokaa, Ausländerbehörde, aombe Verpflichtungserklärung, ni karatasi ya kujifunga kwamba gharama zote za mama zikiwemo matibabu ni juu yake. Anaenda na slipu za mshahara, analipa euro 29, na aombe miadi mapema maana kuna miji foleni yake utazeeka. Orijino yenyewe ndo inatumwa Tanzania, sio picha ya WhatsApp. Akishakuwa nayo, ile hela ya mama kwenye akaunti inakuwa sio kitu cha kulilia sana, wanachotaka kwa mama ni kujua ana cha kurudia. Ila ajue anachosaini, hicho kifungo kinadumu miaka mitano.

Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000 na ifunike siku zote na nchi zote za Schengen. Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024. Mwisho wa kukaa ni siku 90, siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, watu wanateleza hapo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, msingoje zibaki wiki tatu. Na zamani ukinyimwa ulikuwa unaandika barua ya kupinga bure, Ujerumani wamefuta tangu 1 Julai 2025, siku hizi ni kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin, kwahiyo fanyeni vizuri mara ya kwanza.

Na kingine, msiandike anakuja kulea mtoto. Wanaweza kuona kama mnaleta mfanyakazi wa ndani. Anakuja kumtembelea mwanae na kuona wajukuu, basi. Akifika hapa amkande mzazi na maji ya moto arobaini nzima, hakuna atakayemuuliza.

Kitangari Boy
Aisee nimepumua, yule jamaa nimeshamblock. Ila kuna tatizo jingine, cheti cha kuzaliwa cha dada jina la mama limeandikwa Asha, NIDA na pasipoti ni Esha. Na cheti ndo kinaonyesha kwamba ni mama yake.

Salfa Kavu
Hiyo iko kwa kila mtu huku, karani kaandika alivyosikia. Nenda kwa wakili mama aape kwamba Asha na Esha ni mtu mmoja, hati ya kiapo hiyo iambatanishe na cheti. Ila fanya sasa, sio siku ya kupanda basi. Na basi lenyewe mfike Dar siku mbili kabla ya miadi, mwezi wa tano 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga kuna watu walilala njiani na miadi ikawapita.

Kitangari Boy
Sawa wakuu, Jumatatu naenda AMCOS. Mama anauliza swali moja tu, hayo ya viza hana habari nayo: anaweza kubeba ming'oko, vile viazi pori vya kwetu?

Binti Mikindani
😂 Mibichi wanamnyang'anya, mazao mabichi mpaka yawe na cheti cha afya ya mimea, wanaachia vitu vichache tu kama nanasi, nazi na ndizi. Korosho zilizokaangwa alete. Tena koti la baridi asinunue huko, dada yake atamnunulia huku, hiyo nafasi ya begi ijae korosho.

Kitangari Boy
Dada YANGU, Binti Mikindani, sio dada yake 😂

Binti Mikindani
Hahaha mwanae. Nimeshaanza kuziwaza hizo korosho.